Altrasaundi ya kitandani ikisema "hakuna bonge", mgonjwa wa Longido arudi lini?

Mguu mmoja ukivimba ghafla, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni au kijana wa bodaboda aliyefungwa hogo, usisubiri asubuhi. Bonge la damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa wa paja inaweza kumeguka, ikapanda hadi mapafuni na kuua. Kwa hiyo naunga mkono madaktari wa dharura wa Arusha na Moshi kupima kwa altrasaundi wao wenyewe, usiku uleule.

Daktari hukandamiza mshipa kwa kifaa kwenye kinena, kisha nyuma ya goti. Vena (mshipa huo) isiyo na bonge hubonyea hadi kuta zake zigusane. Yenye bonge haibonyei. Ni dakika chache, hakuna mionzi, mgonjwa hatoki kitandani. Tafiti zimeonyesha kuwa daktari wa dharura aliyefundishwa vizuri hukaribia sana majibu ya idara ya mionzi. Bonge likionekana, na mgonjwa hana hatari ya kuvuja damu, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ianze.

Wataalamu wa mionzi wana wasiwasi, nao wana haki. Mkono usiozoea unaweza kudhani tezi iliyovimba kinenani ni mshipa ulioziba, na mtu asiye na bonge akanywa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu. Hilo ni jambo la hatari.

Mimi naogopa zaidi jibu la "hakuna". Sehemu mbili si mguu mzima. Bonge la kwenye shavu la mguu halionekani hapo, nalo linaweza kupanda juu ya goti ndani ya siku chache. Kwa wajawazito bonge linaweza kukaa juu zaidi, ndani ya nyonga, hasa ya kushoto, ambako kukandamiza hakufiki. Ndiyo maana mwenye dalili nzito hutakiwa kupimwa D-dimer (kipimo cha damu cha kutafuta dalili za bonge), au kurudiwa altrasaundi baada ya wiki hivi. Mkazi wa Sakina au Majengo, hapo hapo mjini, atarudi. Wa Longido, au wa Rombo aliyeletwa Moshi kwa nauli ya kukopa, akiambiwa "hakuna" anaelewa amepona. (Ningekuwa mimi, ningeelewa hivyohivyo.)

Basi anayetoka mbali, dalili zikiwa nzito, alazwe hadi asubuhi apimwe mguu mzima na mtaalamu wa mionzi kabla ya kuruhusiwa. Mjamzito asirudishwe nyumbani kwa jibu la kitandani peke yake. Wengine waondoke na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye cheti, na namba ya simu ya ndugu ibaki wodini.