Mgeni akiuliza habari za papa

Kuna swali moja ambalo sisi wa ofisi za safari hapa Arusha hulijibu kwa kicheko. Mgeni ameshapanga siku zake za Tarangire na Ngorongoro, anataka kumalizia Zanzibar, na kwa kuwa siku hizi wengi hukimbilia ufuo wa Paje kucheza kaiti, yaani kuteleza kwenye ubao ukivutwa na tiara kubwa, au kupiga kasia wakiwa wamesimama juu ya ubao, ule unaoitwa sapu, basi mwisho kabisa wa ujumbe wake, kama mtu anayeona haya, anauliza: papa wapo? Nasi tunamjibu kwamba nazi zinaua watu wengi kuliko papa. Jibu hilo nimeliandika mwenyewe, tena si mara moja, na kikatuni cha kucheka nikakibandika.

Mgeni huyohuyo akiuliza habari za viboko kabla ya kupanda mtumbwi kwenye ziwa la Momella, hatucheki. Tunamweleza kwamba atafuatana na askari mwenye bunduki, na kwamba kiboko akiwa upande huu mtumbwi unapita upande ule. Wa Moshi nao hawamwambii mpanda Kilimanjaro kwamba bodaboda zinaua wengi kuliko mwinuko. Wanamvika kile kidude cha kidoleni asubuhi na jioni, wanasoma oksijeni, na namba ikiwa mbaya wanamshusha. Ni papa peke yake ambaye hatari yake tunaijibu kwa utani.

Wanaomtetea papa wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Daftari la kimataifa la mashambulizi ya papa, linalotunzwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Florida, lilihesabu kwa mwaka 2023 watu 69 walioumwa bila kumchokoza mnyama, dunia nzima, na 10 kati yao walikufa. Mwaka 2024 walikuwa 47, waliokufa 4. Wakati huohuo papa na taa (samaki bapa, jamaa yake) wa bahari kuu wamepungua kwa takribani asilimia 71 tangu 1970, hasa kwa uvuvi. Hofu nayo ina gharama yake. Australia Magharibi, baada ya watu saba kuuawa kati ya 2010 na 2013, serikali iliweka ndoana kubwa zenye chambo kwa miezi michache ya mwaka 2014. Walinaswa papa 172, na papa mweupe mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akitafutwa hasa, hakunaswa hata mmoja. Kwa hiyo sina ugomvi na anayesema papa anaonewa.

Ugomvi wangu ni na nazi.

Ile hesabu ya watu 150 wanaouawa na nazi kila mwaka, inayozunguka mitandaoni miaka nenda rudi, haina mzazi. Huhusishwa na makala ya daktari mmoja ya mwaka 1984 kuhusu majeruhi wa nazi huko Papua New Guinea, katika hospitali moja ya mkoa. Makala ile ilieleza watu walioangukiwa na nazi na jinsi walivyoumia. Haikuhesabu vifo vya dunia. Mtu akaongeza yake, mwingine akanukuu, na sisi tunaokaa mbali na minazi, nazi zetu zikiletwa kwa lori, tukaisambaza kana kwamba tumeiona kwa macho.

Lakini hata kama ingekuwa kweli, isingejibu swali. Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Mabishano mengi ya papa ni watu kupigizana kelele za kiasi huku asili wameificha mfukoni. Ukichukua vifo kumi ukavigawanya kwa watu bilioni nane, unapata karibu na sifuri, ila katika hao bilioni nane umemhesabu na mama anayeuza ndizi Mbuyuni ambaye bahari hajawahi kuiona. Radi vilevile. Mmarekani hutulizwa kwa kuambiwa radi ni hatari kuliko papa. Mwambie hivyo mzazi wa Geita au Kagera, ambako radi huua watu, uone kama atatulia.

Asili ikiwekwa sawasawa, mambo hubadilika, na si lazima yabadilike kumuumiza papa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa mwaka 2015 hesabu ya papa weupe wa California kuanzia 1950 hadi 2013. Kiasi kilikuwa kimepanda, kutoka chini kidogo ya shambulio moja kwa mwaka hadi moja na nusu. Gazeti likiishia hapo, papa wameongeza ukali. Wao wakashuka chini ya mstari: wateleza mawimbi walikuwa wameongezeka kutoka kama 7,000 hadi 872,000. Ukigawanya, hatari ya mtu mmoja mmoja anayeingia majini ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 91. Hiyo ndiyo namba ambayo watetezi wa papa wangepaswa kuitembeza, maana imefanyiwa kazi. Wao wakashika nazi.

Njia hiyohiyo ya kuhesabu ukiipeleka Réunion inakuja na sura nyingine kabisa. Réunion ni kisiwa cha Ufaransa mashariki ya Madagaska, bahari yetu hiihii. Kati ya 2011 na 2019 papa waliua watu 11 pale, wengi wakiwa juu ya mbao. Utafiti uliochapishwa 2018 haukugawanya kwa wakazi wala kwa watalii. Uligawanya kwa saa za kuteleza mawimbini, na ukakuta hatari kwa kila saa ilipanda mara 23 kati ya 2005 na 2016. Mara 23! Julai 2013 serikali ilikuwa imeshapiga marufuku kuogelea na kuteleza mawimbini nje ya maji yaliyokingwa na mwamba wa matumbawe na sehemu zenye ulinzi. Sasa mtu anayetoka Réunion, akituandikia sisi Arusha kuuliza kama papa wapo, tumjibu kwa nazi? Au yule wa Australia Kusini, ambako mwaka 2023 peke yake wateleza mawimbi watatu waliuawa?

Hapo ndipo namwona mwenye hofu hajaeleweka. Anachukuliwa kama mtu aliyeharibiwa na sinema, mtu wa kufundishwa takwimu. Kumbe mara nyingi anauliza swali sahihi kuliko jibu analopewa. Yeye hajauliza kuhusu dunia. Ameuliza kuhusu ufuo huu, mwezi huu, juu ya ubao huu.

Na ubao una habari yake. Mwaka 2023 wanaocheza juu ya mbao walikuwa asilimia 42 ya walioumwa, mwaka uliofuata 34. Wanaoteleza mawimbini hulala kifudifudi, mikono na miguu ikining'inia, wakisubiri wimbi nyuma ya povu, mahali ambapo samaki nao hupita. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kwa macho ya papa mweupe mchanga, kivuli cha mtu juu ya ubao hakitofautiki na cha sili, mnyama wa baharini anayeliwa na papa, kikitazamwa kutoka chini, kwa hiyo huenda anauma kwa kukosea. Wapo wanaolipinga neno “kukosea”, wakisema papa huonja ili ajue, lakini kwa aliyekatwa mshipa wa paja huo ni ubishi wa walioketi vitini, kwani kinachoua ni damu kwisha kabla ya kufika pwani. Mwenye sapu amesimama, miguu iko juu ya maji, mikono imeshika kasia. Inaelekea yuko salama zaidi, ila si kwa asilimia mia: Desemba 2023 mwanamke Mmarekani aliyekuwa akipiga kasia karibu na Nassau, Bahamas, aliuawa na papa.

Mwenzangu mmoja ofisini, mtu wa Tanga, hakubaliani nami. Anasema ukianza kumweleza mgeni kuhusu Réunion umeshampoteza, ataandika kwa rafiki zake kwamba Zanzibar ina papa wauaji, na anayeumia ni mtoto wa Paje anayefundisha kaiti. Halafu, anasema, kwetu papa ndiye anayeliwa, nenda ukaone ng'onda, wale samaki wakavu, zilivyopangwa sokoni. Yote mawili ni kweli. Lakini mgeni aliyelishwa utani hana kitu cha kushika siku habari mbaya itakapotokea mahali popote katika bahari hii. Atatoka kwenye kicheko moja kwa moja hadi kwenye woga, na wale wenye ndoana za chambo huwa wanamsubiri hukohuko.

Tena Paje ina jibu zuri, ndiyo maana nashangaa tunakimbilia utani. Pale kuna mwamba wa matumbawe unaozuia bahari kuu, na ndani yake maji ni mafupi kiasi kwamba yakipwa, kina mama hutembea kwa miguu hadi kwenye mashamba yao ya mwani. Papa wakubwa ni wa nje, kwenye kina. Cha kumwogopesha mpiga kasia ni upepo unaosukuma kuelekea nje, maji yanayotoka kwa kasi kwenye mlango wa mwamba, na wale wanyama wa miiba myeusi chini ya nyayo. Mwambie asivuke mwamba peke yake, asiingie alfajiri wala magharibi, akae mbali na mahali wavuvi wanapotupa matumbo ya samaki, aulize ratiba ya kupwa na kujaa. Hayo ni maneno machache, hayahitaji nazi.

Wiki iliyopita nilimwandikia hivyo mama mmoja wa Ufaransa. Nilimtajia Réunion kwa jina, nikamweleza mwamba, nikamweleza upepo wa kusi. Mwenzangu alisoma juu ya bega langu akatikisa kichwa. Jibu likarudi kabla ya saa sita: ameshukuru, atakuja, ila anataka kujua kama ubao wake, mita tatu na kitu, utaingia kwenye ile ndege ndogo ya kutoka uwanja wa Kisongo. Ikabidi nimwandikie tena kwamba kikomo ni kilo 15, kwenye begi laini.