Tani inapopotea kiwandani, nani hulipa?

Katika chumba cha udhibiti cha kiwanda cha kusafisha mafuta ninakofanyia kazi hapa Rotterdam, Uholanzi, kuna tarakimu moja ambayo hakuna zamu inayothubutu kuipa kisogo, nayo ni asilimia ya oksijeni iliyomo katika moshi wa tanuru linalopasha moto mafuta ghafi. Ikiwa kati ya 2 na 3, mambo ni shwari. Ikipanda hadi 6, maana yake tunavuta hewa baridi kupita kiasi, tunaipasha moto, kisha tunaitoa nje kwa bomba la moshi bila faida yoyote. Ikishuka mno, mafuta hayaungui yote na hatari ya mlipuko hukaribia. Nimetoka Kenya miaka tisa iliyopita, na bado naona kwamba tarakimu hii inaeleza tofauti ya huku na kwetu vizuri kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kuhusu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa.

Ninapouliza tofauti hiyo ilitoka wapi, wenzangu wa nyumbani hunijibu kwamba Wazungu wana mitambo na sisi hatukuwa nayo. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuongezewa sehemu ya pili mwaka 1974, kiliweza kukeneka mafuta (yaani kuyachemsha na kuyatenganisha ndani ya mnara), kuyasafisha kwa haidrojeni, kupandisha okteni ya petroli (kipimo cha ubora wake katika injini) na kutengeneza lami, lakini hakikuwa na mtambo wa kuvunja molekuli kubwa kuwa ndogo. Kwa hiyo kile ambacho maumbile yaliweka ndani ya pipa ndicho kilichotoka: kama mafuta ghafi ya Ghuba yalikuwa na sehemu kubwa ya mafuta mazito, basi mafuta mazito ndiyo yaliyobaki chini ya mnara, na kwa kawaida hayo huuzwa kwa bei ya chini kuliko mafuta ghafi yaliyoyazaa. Viwanda vikubwa vya huku huyachukua mabaki hayo, huyakeneka tena katika ombwe, kisha huyavunja kwa kichocheo katika joto la nyuzi 500 na ushei, au kwa haidrojeni chini ya shinikizo kubwa, hadi yawe petroli na dizeli. Mwendeshaji awe hodari namna gani, hawezi kuziba pengo la mtambo ambao haukujengwa.

Nusu ya pili ndiyo inayoninyima raha, kwa sababu haikuhitaji mitambo mipya. Kwa miaka mingi Changamwe haikuwa ikinunua mafuta ghafi. Kampuni zinazouza mafuta zililazimishwa na kanuni za serikali kupitisha sehemu ya mafuta yao pale, zikalipa ada kwa kila tani iliyosafishwa, na mafuta yaliyoingia pamoja na bidhaa zilizotoka yalikuwa mali yao. Mpango huo ulibadilishwa mwaka 2012, na mwaka uliofuata kazi ya kusafisha ikakoma. Leo matangi yake ni ghala. Sina neno la kuwalaumu mafundi wa pale. Ninaloona ni kwamba anayelipwa kwa tani inayoingia hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya tani ambayo haikutoka, na mwenye mafuta, ambaye hasara ni yake, hana ufunguo wa chumba cha udhibiti. Isitoshe, kiwanda kilichosanifiwa kusafisha takriban tani milioni 4 kwa mwaka kilikuwa kikisafisha kama tani milioni 1.6. Tanuru hupoteza joto kupitia kuta zake liwe limejaa au liwe nusu, hivyo tani chache zilizofika hubeba mzigo wa zile ambazo hazikufika.

Huku hasara ina bei na ina mwenyewe. Kiwanda cha kusafisha mafuta, popote kilipo, huteketeza kama sehemu moja hadi mbili kati ya ishirini za nishati iliyomo katika mafuta kinayoyapokea ili kujiendesha chenyewe, na kikiwa huku, tangu mwaka 2005 Umoja wa Ulaya unakidai kiwe na kibali kwa kila tani ya kaboni dioksidi inayotoka humo. Ndiyo maana watu wanahangaikia mambo yanayoonekana madogo. Mafuta ghafi kabla ya kuingia tanuruni hupashwa joto na bidhaa moto zinazotoka mnarani; vibadilisha joto vinavyofanya kazi hiyo vikiota utando wa uchafu kwa ndani, mafuta hufika yakiwa na upungufu wa nyuzi kadhaa, na tanuru hulazimika kuchoma zaidi ili kufidia. Wahandisi wetu huhesabu nyuzi hizo kila wiki, kisha huamua ni kifaa kipi kifunguliwe na kusafishwa kabla ya matengenezo makuu.

Lakini nisiwapambe wenyeji wangu. Viwanda vya mafuta vya Ulaya vimepewa sehemu kubwa ya vibali hivyo bure kwa miaka mingi. Nami mwaka wangu wa pili nilishuhudia vali ndogo za kutolea maji ya mvuke uliopoa zikivuja karibu mwaka mzima, mvuke ukipaa hewani mbele ya macho yetu, kwa sababu bajeti ya matengenezo ilikuwa ya idara moja na gharama ya nishati ya idara nyingine. Ugonjwa ulikuwa uleule, ndani ya uzio mmoja.

Kuhusu salfa, uchafu uliomo katika mafuta ambao huchafua moshi, tofauti ni pana zaidi. Dizeli ya Ulaya imewekewa kikomo cha miligramu 10 kwa kilo tangu mwaka 2009, na Afrika Mashariki ikaweka 50 mwaka 2015, Changamwe ikiwa imekwisha kunyamaza. Nakubali kwamba kuagiza dizeli iliyosafishwa tayari kuliwapa watu wa Mombasa na Nairobi moshi wenye salfa kidogo kwa haraka kuliko ukarabati wowote ambao ungefanyika. Salfa yenyewe hubaki kwa msafishaji, na huko hugeuzwa kuwa bidhaa inayouzwa au hutoka na moshi, kutegemea sheria anayoishi nayo.

Ninaandika haya kwa sababu ya Hoima. Kiwanda kinachokusudiwa Uganda ni cha mapipa 60,000 kwa siku, na mafuta yake yana salfa kidogo lakini yana nta nyingi, kwa hiyo mtambo wa kuvunja mabaki ni wa lazima. Mjadala ninaousoma ni wa nani atajenga na kwa mkopo gani. Mimi ningeanza na karatasi moja ya kila mwezi: tani zilizoingia, tani za kila bidhaa zilizotoka, tani zilizochomwa tanuruni, zilizochomwa kwenye mwenge wa kuteketezea gesi ya ziada, na zile ambazo hazijulikani zilikokwenda, kila mstari ukiwa na jina la anayeulipia, na mkataba ukatamka hivyo kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa.