Nani Anajua Swichi Ipi Iko Wazi?

Transfoma ya mtaani kwetu iliwahi kufa saa mbili usiku. Nikapiga simu huduma kwa wateja, na dada aliyepokea akaniambia kwa upole, "Kaka, hapa kwenye mfumo naona eneo lako lina umeme." Mimi huku nimeshika mshumaa. Nilicheka, maana mkate wangu unatokana na mambo hayohayo ya gridi. Fundi alipokuja asubuhi ndipo tukajua: nyumba zetu zilishahamishiwa laini nyingine, ila ramani haikuguswa na mtu.

Ndiyo maana nikisikia wimbo wa "tuongezewe vihisi", yaani vifaa vya kupima umeme kwenye laini, huwa nasita. Hakuna gridi inayopimwa kila nguzo. Mwaka 1970 Fred Schweppe wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha namna ya kukadiria hali ya gridi nzima kwa vipimo vichache, na vituo vya kudhibiti umeme vinaishi kwa hesabu hiyo hadi leo. Chukua kituo chenye laini tatu. Ya kwanza inaingiza megawati 40, ya pili inatoa 25. Ya tatu lazima itoe 15, kwani umeme hauna ghala njiani. Ukiweka mita kwenye hiyo ya tatu nayo ikasoma 22, ujue kuna mita inayokudanganya. Hapo mita ya ziada imelipa, nakubali.

Lakini hesabu inaamini kwamba laini zote tatu ziko kazini. Je, moja ikiwa imekatika na hakuna aliyeiambia?

Agosti 14, 2003, ndivyo ilivyokuwa kwa MISO, wasimamizi wa gridi ya majimbo ya kati ya Marekani. Saa sita mchana laini ya kilovoti 230 huko Indiana ilikatika, programu yao ya makadirio ikaendelea kuihesabu kana kwamba ipo, majibu yakagoma kulingana. Mchambuzi akaizima isijiendeshe kila dakika tano, akatafuta kosa, akalipata. Kisha akaenda kula bila kuirudisha. Walipokuja kushtuka, saa nane na dakika 40, laini nyingine ilikuwa imekatika kimyakimya, programu ikagoma tena. Ilikaa sawa saa kumi na dakika nne. Dakika mbili baadaye gridi ikaanza kuporomoka, na watu milioni 50 wa Marekani na Kanada wakabaki bila umeme. Sababu zilikuwa nyingi, hata miti iliyogusa nyaya kule Ohio, lakini mimi hicho chakula cha mchana hakinitoki kichwani.

Ningepewa fedha za vihisi, nusu ningemkabidhi kijana mwenye pikipiki na simu, apite nguzo kwa nguzo akiandika swichi ipi iko wazi, yaani haipitishi umeme, na nyumba ipi inakula laini ipi. Arudie kila baada ya miezi mitatu. Nililisema hili kazini. Mkubwa wangu akaniuliza siku ya uzinduzi tutakata utepe wapi.