Simu Moja, Watoto Saba

Nilipokuja Uholanzi mwaka 2003, simu ya mama pale Ngamiani, Tanga, ilikuwa ya mtaa mzima. Nikipiga kwa kadi ya kukwangua, anapokea jirani, anaita "mwanao huyo!", na kabla salamu hazijaisha nimeshapata habari za nyumba nne. Leo mama ananitumia sauti WhatsApp kila asubuhi, na siitamani tena ile kadi hata kidogo.

Ila kuna jambo linaniuma, na nimechangia mwenyewe.

Desemba ya mwaka juzi nilikuwa uani kwa dada yangu. Watoto walikuwa saba na simu moja, kioo kimepasuka. Wameiegemeza kwenye kandambili juu ya ndoo iliyofudikizwa, wanarekodi kichekesho cha konda na abiria anayedai chenji yake. Khanga ya bibi yao ndiyo mlango wa daladala. Binti wa miaka 9 ndiye dairekta, na alikuwa mkali! Konda akicheka, wanarudia mwanzo. Walirudia mara tano. Mdogo wao kabisa kazi yake ilikuwa kufukuza kuku wasikatize mbele ya kamera, na aliifanya kwa moyo wote. Magharibi wakanijia: "Mjomba, tuwashie hotspoti, bando limekata."

Nikamkumbuka Kili Paul na dada yake Neema, wale ndugu wa Kimaasai wa mkoa wa Pwani wanaojirekodi wakiigiza nyimbo za Kihindi. Kamera ya simu iliwafikisha India, hadi Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja redioni mwaka 2022. Kipaji kipo nyumbani, tena kingi.

Huku Rotterdam kijana wangu ana miaka 13. Jumamosi moja wenzake watatu walikuja, wakakaa kochi moja muda wa saa mbili, kila mtu na simu yake na vidude masikioni. Mchezo ni mmoja, wanapigana risasi humo humo, lakini hakuna aliyeinua uso. Nilipowawekea sambusa mezani zilipoa. Waholanzi wenyewe wameshtuka: tangu Januari 2024 shule za sekondari zimetakiwa kuziondoa simu madarasani, na shule ya kijana wangu inazifungia kutwa nzima. Ananiambia wakati wa mapumziko sasa wanacheza karata. Ananiambia kwa furaha, naye ndiye aliyenuna wiki ya kwanza.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka jana nilituma simu tatu kwa wale watoto, mpya, ndani ya boksi. Nilijiona mjomba kweli kweli. Haukupita mwezi dada akanitumia sauti: "Kaka, ahsante, lakini nyumba imekuwa kimya. Kila mmoja na kona yake." Vichekesho vikafa. Dairekta akawa anatazama video za watu wengine mpaka usingizi unamchukua, na bando la kununuliwa likawa si moja tena.

Wenzangu wa ughaibuni, tunapima mapenzi kwa kila mtoto kuwa na simu yake, kwa sababu ndivyo tunavyoona huku. Wenyeji wetu wanazifungia kabatini, sisi tunazipakia kwenye masanduku. Mwanafunzi wa chuo mnunulie, anaihitaji. Lakini hawa wadogo, ile simu moja ndiyo iliyowalazimisha kugawana kazi, kugombana, kupatana na kusubiriana zamu. Nilipowapa tatu niliwanyang'anya hayo yote.

Nimezungumza na dada. Simu mbili amezifungia, moja imerudi uani. Sanduku la safari hii lina stendi ya miguu mitatu na maiki ndogo ya kubana kwenye shati. Juzi dairekta amenitumia sauti: "Mjomba, usisahau na taa. Usiku tunaonekana meno tu."