Kabla ya kuchapa lebo nyingine

Mwaka jana nilibakiza siku moja tu nichape lebo 5,000 za pilipili yangu ya chupa. Shilingi 150 kwa lebo, jumla laki saba na nusu. Aliyenishika mkono ni mwenye duka mmoja wa Unguja aliyetaka mzigo. Akanipigia: "Dada, hili jina ni lako kweli? Huku kuna mtu analiuza." Nikamjibu kwa kiburi kwamba cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ninacho.

Kweli ninacho, ila ni cha jina la biashara. Alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa yenyewe sokoni, ni usajili mwingine, una maombi yake na ada yake. Na hata ukishaipata BRELA, inakulinda Bara tu. Zanzibar kuna wakala wao, BPRA. Miaka minne nimeegemea ukuta wa jirani nikidhani ni wangu.

Simu ile ndiyo iliyonisukuma nifanye ukaguzi. Sisi wenye biashara ndogo tukisikia neno hilo tunawaza TRA, tunatafuta mlango wa nyuma. Huu ni ukaguzi wa miliki bunifu, yaani mali inayotokana na ubunifu kama majina, michoro na mapishi, na ni kujihesabu mwenyewe: kipi umekibuni, kipi unakitumia, na karatasi ya kila kimoja iko wapi. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji pesa kabisa. Mimi na mdogo wangu tulitumia jioni tatu na daftari la kaunta.

Tuliyoyakuta yanatia aibu. Lebo ilichorwa na kijana tuliyemlipa kwa M-Pesa. Ujumbe wa muamala unathibitisha nimelipa, hausemi mchoro umekuwa wa nani. Picha ya pilipili iliyo kwenye lebo tuliiokota Google. Ukurasa wa Instagram umefunguliwa kwa namba ya mpwa wetu ambaye siku hizi hatusalimiani vizuri. Vipimo vya viungo anavijua binti aliyeondoka kwenda kujitegemea, na hatukuwahi kumsainisha chochote. (Wa kulaumiwa hapo ni sisi.)

Daftari lilipojaa ndipo nikamtafuta wakili. Ukienda mikono mitupu, atakutoza kwa kukuuliza maswali ambayo ungeweza kujiuliza mwenyewe ukiwa jikoni. Nilimwomba bei moja ya kazi nzima, si ya saa, na nikataka jibu la ukurasa mmoja: kipi kianze, kipi kisubiri. Msimamo wangu kwenye bajeti ni huu: kwa kila shilingi ya ukaguzi, tenga angalau mbili za kurekebisha. Orodha ya matundu isiyo na hela ya kuziba ni karaha tupu.

Kwenye kusajili nako usijaze kapu. Mfumo wa Nice, unaotumika kimataifa kupanga alama za biashara, una makundi 45 ya bidhaa na huduma, na unalipia kila kundi. Sosi ya pilipili iko kundi la 30, matunda makavu la 29. Nilitamani yote mawili kwa sababu nina ndoto ya embe kavu. Wakili akaniuliza nimeshauza paketi ngapi. Sifuri. Tukalipia moja. Hataza, yaani ulinzi wa uvumbuzi, hatukuigusa, maana pilipili yetu haina uvumbuzi wowote, ina mkono wa mama tu, na hiyo inalindwa kwa kufunga mdomo na kusainishana na wafanyakazi.

Bara, alama hudumu miaka saba ya kwanza, kisha huhuishwa kwa kumi kumi. Kwa hiyo naweka elfu thelathini kila mwezi kwenye kibubu cha simu, pembeni ya hela ya chupa. Mdogo wangu anasema nimezidisha.

Lebo hatujachapa bado. Kijana wa mchoro amekubali kusaini hati ya kutuhamishia haki, akaongezewa elfu hamsini na katoni ya pilipili. Picha tumepiga wenyewe, uani, asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Zanzibar itasubiri msimu ujao, na yule mwenye duka nimemwambia hivyo hivyo.