Kabati Lenye Upepo

Walioniponza ni paka. Mtu akikwambia anakaa Kibokoni hapa Mombasa na hajagombana na paka, huyo ndiye anayewalisha. Mara tatu nilipanda dania kwenye makopo kule darini, na mara tatu nikakuta paka kajilaza kwenye mbegu zangu kama sultani. Huku chini uchochoroni nako jua huja kama mgeni mwenye haraka: saa sita linapita, linasalimu, linaenda zake. Ndipo akili ikanituma nioteshe dania ndani ya nyumba, kabatini, kwa taa.

Naam, najua. Fungu la dania sokoni Marikiti ni pesa za chai. Lakini ilikuwa imefika mahali pa heshima.

Kabati lilikuwepo. La shangazi, la mbao nzito, lililokuja naye siku ya harusi yake, sasa limesukumwa chumba cha nyuma na mlango mmoja umelegea. Nikamwomba nilitumie. "Litumie, mwanangu," akasema. Sikumtajia kwamba matumizi yenyewe yana keekee ya kutobolea ndani yake.

Nikalipima: upana sentimita 60, kina 50, kimo 160. Lita 480, chini kidogo ya nusu ya mita ya ujazo. Nikaninginiza taa ya LED ya wati 60, ile ya mwanga wa zambarau. Sasa jiulize: wati 60 ndani ya sanduku, mji Mombasa, mwezi Februari, zitakwenda wapi? Zinageuka joto. Hata ule mwanga, ukishagonga majani na mbao, karibu wote huishia kuwa joto. Haya niliyajua, na hapo ndipo nilipojiona msomi. Hewa moto hupanda, kwa hivyo toboa juu itokee, toboa chini iingie mpya, na tundu la chini liwe kubwa kuliko la juu ili feni isikabwe. Feni nikaipata Mwembe Tayari, imetolewa kwenye kompyuta iliyokufa, milimita 120, volti 12. Nikaiunga na adapta ya ruta ya zamani. Kwa hesabu za karatasi, feni ya kadiri hiyo ingebadilisha hewa ya kabati lote mara mbili au tatu kwa dakika moja. Nikaikaza juu kwa skrubu, nikaziba nyufa kwa selotepu, nikaingiza makopo ya dania iliyokwisha kuota, nikawasha.

Siku ya tatu kipimajoto kikasoma 31 chumbani na 38 kabatini. Miche imelala chali.

Nikashinda pale nimeshika tama, namung'unya maneno. Shangazi akatokea mlangoni. Alishaona ule mwanga wa zambarau ukichungulia chini ya mlango usiku, na feni nayo ilikuwa na mngurumo wa mtu anayesoma kitu kwa ndani ndani.

"Kabati langu lina nini?"

"Shangazi, tatizo ni upepo."

Akashika fremu ya mlango. "Upepo wa wapi?"

"Wa humo humo. Umekaa tu, hautaki kutoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Nikiwasha taa ndio unapandisha joto."

Akateremsha sauti. "Wataka nini?"

Mimi nimeinamia kipimajoto. "Wataka tundu kubwa zaidi. Na huenda ukataka feni ya pili."

"Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Lipungwe tu, shangazi. Likipungwa vizuri utatoka wenyewe."

Kwa ndugu zangu wa bara: huku kwetu upepo si ule wa baharini peke yake. Kuna na ule unaompanda mtu kichwani, una jina lake na madai yake, na kuupunga, yaani kuutoa, si kwa kipepeo cha mkono. Nami nilikuwa nimekwisha kujibu maswali yote ya mganga, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kesho yake narudi kazini baada ya alasiri, nakuta viatu vimejaa kizingitini. Ndani yumo shangazi, wamo majirani wawili, na maalim mmoja mtu mzima amekaa kitako mbele ya kabati, ana chetezo kinafuka ubani.

"Shikamoo, maalim. Shangazi, mimi nilimaanisha hewa."

"Ndivyo wanavyosema," akamwambia jirani.

Maalim akapiga bismillahi, akasogeza chetezo hadi kwenye tundu la chini. Na wallahi, moshi ulipigwa teke. Badala ya kuingia, ulirudi mzima mzima ukawavaa akina mama usoni. Jirani mmoja alitoka na kiatu kimoja, tena si chake. "Umekataa ubani!" shangazi akalia.

Maalim hakutikisika. Alitazama moshi, akatazama tundu. Akaomba kibago, akapanda, akakiinua chetezo hadi kwenye feni. Moshi ukanywewa hup! ukapotelea ndani. Akashuka polepole.

"Nani aliyefunga hiki kipangaboi?"

"Ni mimi, maalim."

"Umekifunga kinyume."

Kumbe yule mzee kabla ya kilemba alikula miaka yake melini, chumba cha injini, kazi yake kuhakikisha watu walioko chini wanapata hewa. Akanionyesha ubavuni mwa feni, pana mishale miwili midogo. Mmoja ni wa mzunguko wa panga, mwingine ni wa upepo unakoelekea. Mimi nilifuata ule wa kwanza. "Tena si lazima mishale," akasema. "Upande wenye stika na vile vikono vya kushikilia mota, huko ndiko unakotokea. Wewe stika umeielekeza ndani." Yaani siku zote zile nilikuwa navuta joto la dari, nalipitisha kwenye taa likolee, kisha nalishindilia miche kichwani.

Nikauliza kama haitoshi kubadilisha nyaya. Akanitazama kwa huruma. "Feni za namna hii ukigeuza nyaya hazirudi nyuma, hazizunguki tu. Geuza feni."

Nikaigeuza mbele ya hadhara. Chetezo kikarudishwa chini, moshi ukaingia taratibu, ukapanda, ukatokea juu umenyooka kama uzi. Shangazi akavuta pumzi: "Alhamdulillahi, umetoka." Baada ya saa moja kipimajoto kikasoma 33. Nikauliza tufanye nini ifike 28. Maalim akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Chumba chako ni 31, na hewa unayovuta ni hiyo hiyo ya chumba. Feni hubadilisha hewa, haipoozi. Hata ukiweka ya meli."

Ile dania iliyonusurika niliikatia kachumbari Ijumaa. Ilinukia maulidi. Sikuweza kumaliza sahani, lakini shangazi alinusa, akanyamaza, akaenda kusimama kabatini pua ndani kwa muda mrefu.

Jumapili nikakuta makopo yangu yamepangwa ngazini, na paka yuko juu ya moja. Taa ya zambarau imekunjwa vizuri na waya wake. Kabatini yametundikwa madera mawili na leso za shangazi, chini kwenye tundu kuna chetezo cha udi, na moshi unapita nguo zote ukitokea juu kwa mwendo ule ule tuliofunzwa. Nguo zilizokuwa zikifukizwa mchana kutwa sasa zinakolea kabla ya maji ya chai kuchemka.

Jirani aliyekimbia na kiatu ndiye wa kwanza kuleta za kwake, ana harusi Alhamisi. Wengine wakafuata. Jana shangazi ameniita, mkono kiunoni, foleni ya mabuibui nyuma yake.

"Si ulisema lataka tundu kubwa zaidi na feni ya pili? Haya, ilete."