Ndiyo, Nimenunua Besi Nyingine

"Si ileile tu, kaka? Nani atasikia tofauti?"

Hayo ni maneno ya mpiga kinanda wetu, mbele ya bendi nzima, wakati nafungua begi lenye gitaa langu jipya la besi. Naomba muangalie nani anasema. Ni mtu asiyepanda jukwaani bila vinanda viwili, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na sauti mamia, na miaka yote hii sijamsikia akitumia zaidi ya nne: piano, ogani, zile nyuzi za violini za kuliza watu kwenye harusi, na tarumbeta ambayo sijui nani alimdanganya kwamba inafanana na tarumbeta. Huyo ndiye mkaguzi wa matumizi yangu.

Sikumjibu palepale kwa sababu ukumbi wa mazoezi tunalipia kwa saa. Nimjibu hapa, ambapo hawezi kunifunika kwa mkono wake wa kushoto. Nitaufikia huo mkono.

Kwanza niitambulishe yenyewe. Ni Yamaha BB ya mitumba, nyuzi nne kama besi ya kawaida, imeshuka na kontena la vitu vya ndani kutoka Japani, pamoja na majokofu na baiskeli za watoto. Niliikuta Kariakoo imening'inia nyuma ya spika za gari, vumbi tele, nyuzi zimeshika kutu mpaka zimegeuka rangi ya chai. Muuzaji aliniambia ni gitaa lililopungukiwa nyuzi, na kwamba nikiongeza kidogo ataniletea lenye zote sita. Nikamwambia hapana bosi, nitavumilia hilihili. Na bei nikaomba apunguze, maana nyuzi mbili hazipo. Akapunguza.

Mliowahi kununua mnajua kinachofuata. Unaishika kwa shingo kabla hujaitazama vizuri. Kidole gumba kinapita nyuma ya mti, na ndani ya pumzi moja umeshajua kama mtaelewana au la. Hii shingo vanishi imelika katikati, pale mtu mwingine alipoweka gumba lake miaka na miaka, huko Osaka au sijui wapi, na sasa mti ni mlaini kama mwiko wa zamani. Sikuijaribu hata kwenye ampi, yaani amplifaya. Niligonga wazi uzi wa E, nikaweka sikio kwenye pembe ya mwili, mbao ikatetemeka mpaka kwenye taya. Basi, yamekwisha.

Sasa tuje kwenye swali. Nani atasikia tofauti?

Mimi mwenyewe nikikaa kule ukumbini, kwenye meza ya nyuma, na mtu akipiga ile ya zamani kisha hii, huenda nisizitofautishe. Nalisema hilo kwa shingo upande, na nikiulizwa mbele ya mpiga kinanda nitakana. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Linadhani sauti inaanzia kwenye spika. Sauti inaanzia mkononi, na mkono unatofautisha besi mbili kabla hazijachomekwa popote.

Besi yangu ya nyuzi tano nimeipiga mpaka imenizoea, na hapo ndipo tatizo lilipo. Shingo yake ni pana, gumba lina kitanda chake juu ya uzi wa B, vidole vinajua njia. Mwimbaji wetu anapenda noti ya E-flati kupita kiasi, na kwenye nyuzi tano E-flati haina shida: unashuka freti ya nne (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya uzi wa B, unakaa huko chini kwa raha zako, unasubiri wimbo uishe. Nimekaa huko chini miaka. Nyimbo nyingine nilikuwa napiga huku nawaza nauli ya kurudi nyumbani.

Hii ya nyuzi nne chini ya E haina kitu. E-flati yangu ya chini haipo. Lazima niitafute juu, freti ya sita ya uzi wa A, na nikishafika huko majirani ni wengine kabisa. Noti ya tano iko chini ya kidole, oktava, yaani noti ileile kwa juu, iko karibu, na njia niliyokuwa napita kushuka haipo tena. Kwa hiyo wimbo ambao nilishauchoka, wimbo wa kufungulia ukumbi watu wakiwa bado wanatafuta viti, ukanidai nifikiri. Kwenye sebene nikaanza kuacha nafasi ambazo sikuwa naziacha. Ninagonga, ninakata, ninamwachia mpiga tumba apite, ninarudi. Hakuna aliyenifundisha. Shingo nyembamba na uzi uliokosekana ndivyo vilivyonilazimisha.

Mpiga dramu hakuiona hata hiyo besi, yeye akianza kupiga hufumba macho. Tulipomaliza akafungua jicho moja akauliza, "Mzee, leo umekula nini?"

Huyo ndiye aliyesikia. Akisikia mpiga dramu, umesikia ukumbi mzima, maana ukumbi unacheza kwa sisi wawili hata kama pesa za kutunza wanambandika mwimbaji kwenye paji la uso.

Na sasa huo mkono wa kushoto. Siku hizi kuna harusi na makanisa chungu nzima mjini ambako besi haipo kabisa. Kuna kinanda. Mkono wa kulia unapamba, wa kushoto unajifanya besi, na mratibu wa shughuli anafurahi kwa sababu amepunguza posho ya mtu mmoja. Mimi sina ugomvi na mkono wa kushoto wa mtu. Nina ugomvi na kusema ni kitu kilekile. Kidole kwenye kinanda kinabonyeza, sauti inatoka, kidole kinaachia, sauti inakatika. Uzi wa besi unaushika kabla haujalia, unauvuta, unauachia nusu, unaunyamazisha kwa kiganja, unauburuza kutoka freti moja kwenda nyingine, na hapo katikati mwa freti na freti ndipo kiuno cha mtu kinapokaa. Tajia mtu wa Mombasa au wa Dar jina la Les Wanyika. Kabla hajakumbuka ubeti wa kwanza atakuimbia kwa mdomo besi ya Tom Malanga. Kwa mdomo! Hajui jina la mpigaji, hajui ni chombo gani, lakini mstari mzima anao. Niambieni nani amewahi kutembea barabarani akiimba mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

Siku moja jeki yangu, ule waya wa kwenda kwenye ampi, ilikatika katikati ya sebene, kwenye sherehe ya watu wenye pesa zao. Solo ikaendelea, ridhim ikaendelea, mwimbaji ndiyo kwanza alikuwa anataja majina ya wakwe. Watu hawakusimama ghafla. Walianza kupungua mmoja mmoja, wanarudi mezani, wanashika glasi, wanatazamana kama waliosahau kilichowatoa kwenye viti. MC akapaza sauti kuomba dramu waongeze nguvu. Dramu! Besi iko hivyo: ikiwepo hakuna anayeitaja, ikikosekana analaumiwa mwingine. Mtu aliyechagua kazi ya namna hiyo unamuuliza nani atasikia? Hilo tulishamalizana nalo tangu tulipoacha kugombania solo.

Wapinzani wangu, na wengine ni wapiga besi wenzangu, wana mzee wao wa kunichapia: James Jamerson. Mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, na besi yake ya umeme, Fender Precision ya mwaka 1962, kidole kimoja cha mkono wa kulia, nyuzi hazibadilishi mpaka zikatike, na kwa chombo hicho kimoja amepiga nyimbo ambazo dunia nzima inazijua. Haya, wewe unataka besi ya tatu ya nini?

Ni hoja nzito, siwezi kujifanya haipo. Lakini wanaolisimulia hilo huanzia katikati. Jamerson alianza na dabo besi, lile dude la kusimama nalo kama unacheza na mama mkwe. Motown yenyewe aliingia nalo. Ile Precision ndiyo ilikuwa besi yake nyingine! Alikuwa na chombo kinachofanya kazi, kinachosikika, kinachomlisha, na bado akachukua kingine ambacho Leo Fender alikitoa mwaka 1951 tu. Laiti angekuwa na mpiga kinanda wetu pembeni wa kumuuliza hii na ile zina tofauti gani.

Na kama besi zote ni moja, mtu anifafanulie habari ya Paul McCartney wa Beatles. Alinunua besi yake ya Höfner huko Hamburg mwaka 1961, bei yake ilikuwa kama pauni 30. Mwaka 1972 ikaibwa kwenye gari London. Huyu ni mtu anayeweza kununua besi mpya kila asubuhi kabla ya chai, na nyingine anazo, ikiwemo Höfner ya umbo lilelile. Bado watu wakaisaka, na ikarudi baada ya zaidi ya miaka 50, imekutwa kwenye dari ya nyumba huko Sussex. Tangazo lilitoka mwaka 2024, na mimi nilikenua kama niliyerudishiwa yangu. Dunia nzima ilishangilia kuonekana kwa besi moja ya mtu mwenye besi nyingi, lakini mimi kuchukua moja Kariakoo ni kikao cha familia.

Fedha? Ada imelipwa, kodi imelipwa, tuendelee.

Kuna raha nyingine ambayo asiye na besi ya zamani haijui, nayo ni kuifufua. Nilizing'oa zile nyuzi, lakini mpya sikununua palepale. Seti ya besi inakula seti kadhaa za solo, na mimi si mtu wa harusi za wenye pesa kila wiki. Nilizichemsha. Ndiyo, kwenye sufuria, kama wote tunavyofanya na tunavyokataa kusema. Maji yaligeuka rangi nisiyotaka kuielezea. Mama watoto alisimama mlangoni akatazama sufuria yake, akanitazama mimi, akasema tu, "Hiyo usiirudishe kabatini." Kwa hiyo sasa nina besi mpya na sufuria. Nyuzi zilipokauka ziling'aa sauti kwa muda, kisha zikafa tena, maana kutu imeingia ndani ya msokoto. Nikanunua mpya. Kuchemsha ni kununua muda tu, si tiba.

Halafu shingo. Ilikuwa imepinda mbele kidogo, nyuzi ziko juu kama za umeme. Hewa yetu ya pwani haina huruma: mbao inavuta unyevu wakati wa masika, inajinyoosha kiangazi, na chumvi inamalizia chuma chochote kilichobaki. Unaingiza elenki kwenye chuma kilichomo ndani ya shingo, unazungusha robo, si zaidi, unaiacha ilale, kesho unatazama tena. Ukiwa na haraka utaivunja. Nikarekebisha vitako vya daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili, kimoja baada ya kingine, nikilinganisha sauti ya uzi ukibonyezwa freti ya 12 na ile ya kuugusa tu palepale juu ya chuma, mpaka zikakubaliana. Potensha, kile kitufe cha kuzungusha cha sauti, ilikuwa inakwaruza, nikaipulizia dawa nikaizungusha wee mpaka ikanyamaza. Usiku ule nilichomeka ampi, pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) ya mbele pekee, ile iliyokatwa nusu mbili, nikapiga noti moja. Kisha nikafungua na ya nyuma, karibu na daraja, na ile ngurumo ikapata meno. Nikazirudia hizo noti mbili mpaka jirani akagonga ukuta.

Kijana mmoja wa kanisani amenitumia ujumbe kwamba nyuzi nne ni kurudi nyuma, siku hizi watu wanapiga tano na sita. Mdogo wangu, uzi wa B unatetemeka kama mara 31 kwa sekunde, na zile spika za plastiki mnazofunga kwenye miti ya mahema zimeshakata tamaa kabla hujafika huko. Unachokisikia ni kivuli chake. Lakini endelea, inapendeza kwenye picha.

Wengine mmeuliza kama sasa nauza ya nyuzi tano. Siuzi. Mwimbaji bado anaipenda E-flati, na zipo nyimbo nne tano ambazo bila ile ya chini hazikai. Wala ile ya kwanza siuzi, hata kama shingo yake imepinda kama upinde na haijatoka ndani tangu zamani. Na kama kuna mwenye kujua ilipo besi isiyo na freti, ya bei ya kibinadamu, kwa sababu tangu nimsikie mpiga besi Jaco Pastorius na ile Jazz Bass yake iliyong'olewa freti sijapumzika vizuri, aniandikie pembeni. Asiandike kwenye grupu la bendi. Mpiga kinanda yumo.